Samani ya Kukunja Ikigoma: Kutafuta Chanzo cha Ubovu Katika Vyumba Vyembamba vya Lamu

Chumba cha nyumba ya kale hapa Amu, yaani mji wa Lamu, ni chembamba kwa sababu ya mti uliobeba dari yake. Wajenzi wetu walilaza boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, na urefu wa boriti ukawa ndio upana wa chumba: mita mbili na nusu, pengine karibu tatu. Siku hizi nyumba moja wanaishi watu wa familia mbili au tatu, na chumba hichohicho ndicho cha kulala usiku, cha watoto kufanyia kazi za shule jioni, na cha kupokelea wageni siku ya Idi. Ndiyo maana watu wanaagiza meza ya kukunja, kitanda chenye sanduku chini yake, benchi linalofunguka likawa malazi ya mgeni. Na wanataka vitu hivyo vije kwa vipande, kwani hakuna gari linalofika mlangoni.

Mimi ni seremala wa samani hizo. Nimetengeneza nyingi na nimeitwa kurekebisha nyingi zaidi, zangu na za wenzangu, na nyingine zilizoletwa kutoka Mombasa zikiwa ndani ya katoni. Katika kazi hiyo nimeona jambo moja likijirudia: samani ya kukunja mara chache huharibikia pale inapobeba uzito. Huharibikia pale inapotembea, yaani kwenye bawaba, kwenye kiungo kinachofunguliwa, kwenye ubao unaofura na kusinyaa. Kwa hivyo ukiitwa, au ikiwa samani ni yako mwenyewe, usianze na randa wala nyundo. Uliza kwanza: ubovu ulianza mwezi gani? Samani imesimama wapi, na imewahi kuhamishwa? Mara ya mwisho ilifunguliwa na nani? Majibu hayo yamenisaidia kuliko chombo chochote nilicho nacho karakanani.

## Imekaza, haifunguki

Hii ndiyo dalili ninayoitiwa zaidi, na karibu kila mara ni wakati wa masika. Mwezi mmoja wa Mei, bibi mmoja wa mtaa wa Langoni alimtuma mjukuu wake aje kunichukua. Meza niliyomfanyia ilikuwa ni fremu iliyosimama kando ya ukuta, na ndani yake ubao mpana wa mvule unaoshuka mbele ukawa meza.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Njoo uione meza yako. Tangu mvua zianze haitaki kutoka humo.”

“Wakati wa kaskazi ilikuwaje?”

“Kaskazi? Ukiigusa tu inashuka.”

Jibu hilo lilitosha kunionyesha kwamba kosa ni langu. Niliiunga Januari, hewa ikiwa kavu, nikaacha milimita 1 kila upande kwa sababu nilipenda kuona ubao umekaa ndani ya fremu bila mwanya. Mti hauongezeki urefu kwa kiasi cha kutia maanani, lakini kwa upana, kukata nyuzi zake, hunywa unyevu na kufura. Ubao wa sentimita 40 unaweza kupata milimita 3 au 4 kati ya Januari na Mei, kutegemea aina ya mti na jinsi ulivyopasuliwa. Mimi nilikuwa nimeuachia 2 kwa jumla.

Hata hivyo si kila kukaza ni kufura, na ukiranda kabla ya kujua utaharibu ubao uliokuwa mzima. Paka chaki ukingo mzima wa ubao au mlango, ufunge polepole, kisha ufungue. Chaki itakuwa imehamia kwenye fremu pale panaposugua. Ikiwa imeacha mstari mrefu ubavuni, huko ni kufura. Ikiwa ni mlango wa kabati na chaki imeshika pembe ya chini tu, ile iliyo mbali na bawaba, basi bawaba ya juu imelegea na mlango umeshuka. Kaza bawaba, mti hauna kosa. Ikiwa imeshika pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari, fremu yenyewe imekwenda upogo. Pima kutoka pembe hadi pembe, mshazari huu na ule. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2 au 3, nyoosha fremu kwanza, maana mara nyingi ni mguu mmoja tu ulioingia kwenye kishimo cha sakafu.

Ukishathibitisha kwamba ni kufura, basi Mei ndio mwezi mzuri wa kuranda, ingawa mafundi wengi hungoja ukame. Wakati huo ubao umefikia upana wake mkubwa, kwa hivyo unajua unachokata. Randa mpaka upate mwanya wa milimita 1 kila upande, kisha ukingo uliorandwa upakwe vanishi siku hiyohiyo, kwani mti mtupu hunywa unyevu usiku kucha. Ikiwa unatengeneza upya wakati wa kaskazi, uachie ubao mpana milimita 4 au 5 kwa jumla, na umweleze mwenye meza kwamba mwanya huo ni wa mvua.

Kuna kosa jingine linalofanana na hili. Ubao umepinda kama kigae, katikati umeinuka au umezama, nao unagoma kwa sababu hauko sawa tena. Tazama uso wa nyuma. Mara nyingi utakuta wa mbele umepakwa vanishi mara tatu na wa nyuma haukuguswa, basi uso mmoja unakunywa unyevu na mwingine haunywi. Paka pande zote mbili kwa idadi ileile, na vichwa vya ubao zaidi, kwani huko nyuzi ziko wazi kama mirija.

Mimi ubao wowote wa kushuka unaozidi sentimita 30 nafanya kwa plaiwudi, maana matabaka yake yamepishana na kila moja linamshika mwenzake. Chagua ile iliyogandishwa kwa gundi ya kustahimili maji. Ukiangalia ukingoni, mistari ya gundi hiyo kwa kawaida ni ya hudhurungi iliyoiva. Na ikiwa samani iliyokaza ni ya chipubodi, pitisha kidole karibu na ukingo. Ukihisi uvimbe, basi maji yameingia, na chipubodi iliyofura hairudi hata ukiianika jua la mwezi mzima. Badilisha kipande hicho kabla hakijang'oa skrubu za jirani yake.

## Inayumba

Kuna kuyumba kwa aina mbili na watu huzichanganya. Kuna meza inayogonga: ukiegemea pembe hii, mguu wa kule unainuka, ukiachia, unarudi chini, tok. Na kuna ile ambayo miguu yote minne iko chini lakini juu kunakwenda na kurudi kama mlingoti.

Inayogonga, izungushe robo mzunguko papo hapo ilipo. Ikiwa sasa unagonga mguu mwingine, kosa ni la sakafu. Ikiwa ni mguu uleule, kosa ni la meza. Sakafu zetu za chokaa zimekanyagwa kwa vizazi na hakuna iliyo sawa kama kioo, kwa hivyo kosa la sakafu ndilo la kawaida. Tafadhali usikate mguu. Nimeona meza iliyokatwa mguu huu leo, ule kesho, mpaka ikawa fupi kwa sentimita 3, na bado inagonga kwa sababu ilihamishiwa upande wa pili wa chumba. Toboa kitako cha kila mguu, pigilia nati ya meno, tia bolti ya milimita 8 iliyogeuzwa kichwa chini. Ukitaka mguu uinuke, unaizungusha bolti kwa vidole. Kwa kimeza kidogo cha kahawa kuna njia rahisi zaidi, nayo ni miguu mitatu, ambayo haigongi kwenye sakafu yoyote.

Inayokwenda ubavu ina hadithi nyingine. Kabati la vipande huja na mgongo mwembamba wa hadibodi, na watu wengi huuacha katika katoni wakiona ni pambo la nyuma lisiloonekana. Mgongo huo ndio unaolizuia kabati lisilale upande. Linganisha mishazari miwili kwanza, ndipo uupigilie. Na ikiwa hadibodi imeshaota mawimbi kwa unyevu, weka plaiwudi ya milimita 6. Kwa meza isiyo na mgongo, tafuta mahali pa kupitisha ubao wa kuunganisha miguu, hata wa upana wa sentimita 10, wenye bolti mbili kila upande na siyo moja.

Kama samani ilikuwa imara na ikalegea yenyewe polepole, ni viungo. Mti uliofura wakati wa kusi husinyaa kaskazi, na bolti iliyokuwa imekaza Julai inabaki imeshika hewa Januari. Kaza tena, na uweke washa pana ili kichwa cha bolti kisizame ndani ya mti.

Katika jambo hili kitanda chetu cha kamba kimenifundisha kuliko kitu chochote. Kila tendegu, yaani mguu, lina matundu mawili, moja la mfumbati, mti wa ubavuni, na moja la kitakizo, mti wa kichwani au miguuni. Hakuna msumari, hakuna gundi. Kamba iliyowambwa ndiyo inayozivuta pande zote nne kwa ndani, na uzito wa mlalaji unazidi kuikaza. Ikilegea, unaivuta upya jioni hiyohiyo. Siku ya kuhama unafungua kamba na unabaki na miti minane ya kuchukua begani. Wazee walikuwa na samani ya kufungua na kuunga, nao walielewa kwamba kiungo kitakachofunguliwa lazima kiwe na kitu kinachovuta na kinachoweza kukazwa tena. Katika samani ya leo kitu hicho ni bolti ndefu inayoingia katika nati ya duara iliyolazwa ndani ya mti, au ulimi unaopenya tundu mpaka nje na kupigwa kabari. Kabari naipenda zaidi. Mwenye nyumba anaikaza kwa kisigino cha kiatu, bila kuniita.

## Skrubu inazunguka bila kushika

Skrubu ya mbao imeundwa kuingia mara moja. Ukiitoa na kuirudisha mara ya tatu au ya nne, inakuwa imekula kuta za tundu lake. Angalia pia ilikoingizwa: kwenye kichwa cha ubao, ambako nyuzi zinakutazama, inashika vibaya, kwenye ukingo wa plaiwudi inapasua matabaka, hasa kama hukutoboa kwanza. Kwa skrubu ya milimita 4, toboa kwa keekee ya 2.5 au 3.

Tundu lililokwisha kuliwa, usiongeze skrubu nene. Panua mpaka milimita 8 au 10, gongomea kijiti cha mti mgumu chenye gundi, kingoje kikauke siku nzima, kisha toboa upya katikati yake. Na kama kiungo hicho ni cha kufunguliwa kila wenye nyumba wanapohama, zika ndani yake kile kikombe cha shaba chenye meno nje na ndani, utumie bolti badala ya skrubu. Gundi ya maji nyeupe isitumiwe chumba kinachovuja, unyevu huilainisha.

## Bawaba inalia, inatoa kutu, inavunjika

Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huvuta maji. Bawaba ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu utaitambua upesi: kwanza madoa ya kahawia kwenye mshikizo, kisha mlio, kisha pini inakwama, na mtu anayelazimisha meza ifunguke anang'oa skrubu. Tiba ya mafuta ni ya mwezi mmoja tu. Nunua shaba tupu, au chuma kisichoshika kutu. Na kwa nyumba iliyo mbele ya bahari, ulizia daraja la 316, ambalo lina madini ya molibdeni na linastahimili chumvi kuliko 304.

Ukishaweka bawaba ya shaba, usiifunge kwa skrubu za chuma. Kosa hili naliona kila wiki. Metali mbili tofauti zikigusana mahali penye chumvi na unyevu, moja hulika kwa ajili ya nyingine, na hapa kinacholika ni chuma. Bawaba inabaki inang'aa na skrubu zake zimekuwa unga ndani ya mti, nawe huna habari mpaka siku ubao unapoanguka na sinia la wageni. Skrubu ziwe za shaba kama bawaba.

Kuna njia nyingine isiyo na metali hata chembe. Chukua marfaa ya kusomea msahafu, ile iliyochongwa kutoka ubao mmoja. Ifungue na uitazame pale katikati: ubao umepasuliwa kwa unene wake kutoka juu na kutoka chini, na mahali pasu mbili zinapokutana seremala amechonga meno ya duara, ya upande huu yakipita kati ya meno ya upande ule. Vipande haviwezi kutengana kwa sababu havikuwahi kuungwa. Vilikuwa mti mmoja na bado vimekumbatiana. Mbuzi ya kukunia nazi nayo hukunjwa ikalala bapa nyuma ya mlango wa jiko. Mshikizo wa namna hiyo wa mti mgumu, mbambakofi au msaji, nimeutumia kwenye miguu ya meza ya kukunja, wenye pini ya mti ya milimita 12. Unahitaji nta mara moja kwa mwaka tu.

## Kitanda cha kusimama ukutani kinashuka ghafla, au hakiinuki

Hapa naomba msomaji awe makini, maana kitanda hiki kinaweza kuvunja mkono wa mtoto.

Kikishuka ghafla, angalia vile vimitungi vya gesi vya kuinulia, kama vya mlango wa nyuma wa gari. Kila kimoja kimeandikwa nguvu yake ubavuni, kwa mfano 400N. Gesi hupungua kwa miaka, na huvuja upesi zaidi kikifungwa kichwa chini miguu juu: kitanda kikiwa kimefungwa, ile fimbo nyembamba inafaa ielekee chini, ili mafuta ya ndani yakae juu ya mpira na kuulowesha. Badilisha viwili kwa pamoja, vya namba ileile. Kikiwa hakiinuki, uliza kama godoro limebadilishwa. Kitanda kilichopimwa kwa godoro jepesi la futi tatu na nusu kwa sita hakitainuka kikiwekewa godoro zito la springi.

Hatari kubwa zaidi ni ukuta. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kweli, lakini laini. Ukitoboa unatoka unga mweupe, plagi inazunguka, na skrubu inakaa kwa heshima tu mpaka siku ya kwanza ya kuvutwa. Isitoshe, Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na plasta ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, iliyochongwa kwa mkono si ya kutobolewa kwa ajili ya kitanda. Mimi siku hizi nakataa kazi ya kitanda cha kuning'inia kwenye ukuta wa matumbawe. Namshauri mteja kitanda cha kuvuta: benchi la sentimita 60 kwenda ndani, vibao vya chini vimepishana kama vidole vya mikono miwili, unavuta upande wa mbele na benchi linakuwa kitanda cha 110. Uzito wote uko sakafuni. Kama lazima kisimame, basi kiwe na fremu yake yenyewe, na kitako chake kiwe sanduku pana lililojaa vitu vizito.

## Rafu imelegea katikati

Rafu iliyojaa vitabu ikiongezwa urefu mara mbili kwa unene uleule, haizami mara mbili. Inazama mara 16. Ukiongeza unene kutoka milimita 18 hadi 25, kuzama kunapungua kwa zaidi ya nusu. Kwa hivyo kabla ya kununua ubao mnene, pigilia upapi, yaani ubao mwembamba, wa sentimita 5 uliosimama wima kwenye ukingo wa mbele, au weka nguzo katikati. Iliyokwisha kulegea, igeuze chini juu kisha uiwekee upapi huo.

## Unga chini, ukungu ndani

Unga laini kama wa ngano, na vitundu vidogo vya duara: ni bungua, na kwa kawaida wameanzia kwenye sehemu nyeupe ya mti, ile ya karibu na ganda. Njia za udongo zinazopanda mguuni: ni mchwa, nao wanatoka sakafuni au ukutani, basi kutibu samani peke yake ni kazi bure. Ukungu ndani ya sanduku la kitanda hutokana na hewa kukosa njia. Acha sentimita 5 kati ya samani na ukuta, weka chaga zenye nafasi chini ya godoro badala ya ubao mzima, na utoboe pande za sanduku. Zikitobolewa kwa nakshi, kama milango yetu ya kabati ya zamani, hewa inapita na chumba kinapendeza.

## Inafanya kazi vizuri, lakini hakuna anayeikunja

Ubovu huu hauonekani kwa macho, na kwangu ndio mkubwa. Unarudi baada ya miezi sita kumtembelea mteja, unakuta kitanda kiko wazi tangu siku ulipoondoka, na chumba ni kidogo kuliko kilivyokuwa kabla ya samani yako.

Keti mkekani uhesabu hatua za mikono. Ondoa chupa ya chai, ondoa simu inayochajiwa, toa mito, fungua komeo, inua, shikilia kwa bega, vuta mguu. Hizo ni saba. Ninavyoona mimi, ikizidi tatu, jambo hilo litafanywa wiki ya kwanza tu. Chanzo cha kwanza ni kwamba uso unaosogea umekuwa mahali pa kuweka vitu. Ufanyie vitu hivyo kidaka chao kwenye sehemu isiyosogea. Chanzo cha pili ni kulazimisha kazi mbili zenye urefu unaopingana. Meza ya kuandikia yataka sentimita 72 hadi 75, ya kahawa kama 40. Meza ya kupanda na kushuka kati ya hizo mbili ni mashine, na mashine huchosha.

Niliwahi kumtengenezea mteja meza ya watu sita, nzuri, ya kufunguka mabawa mawili, kila mtu na sentimita 60 zake. Hawakuilia hata siku moja; familia ile hula mkekani, wamezunguka sinia. Mabawa yalikuwa ya nini? Nilipaswa kuuliza. Walichohitaji ni mahali pa kulaza mkeka, yaani sakafu tupu ya mita mbili kwa mbili, na samani ya kuwapa nafasi hiyo ni ile inayosimama bapa kando ya ukuta. Niliirudisha karakanani, nikaipunguza ikawa dawati la watoto lenye kina cha sentimita 45, na miguu yake hulala ubavuni kama ya mbuzi ya nazi. Hilo linakunjwa kila jioni, na anayelikunja ni mtoto wa darasa la nne.

## Imefika gatini, haipiti

Mwaka 1859 Michael Thonet, seremala Mjerumani aliyekuwa Vienna, alitoa kiti chake namba 14: vipande sita vya mti, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia katika sanduku la mita moja ya ujazo. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1956, IKEA ya Uswidi ilianza kuuza samani za vipande baada ya Gillis Lundgren kung'oa miguu ya meza ili iingie garini. Wote wawili walianza na kipimo cha chombo kitakachobeba. Chombo chetu ni mashua kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, kisha punda au mkokoteni, kisha mgongo wa hamali kwenye ngazi.

Mzigo wa punda ni wa pande mbili, kwa hivyo fungasha mafungu mawili yenye uzito sawa. Fungu moja zito huteleza na kumuumiza mnyama. Pembe za mbao ndizo zinazokwaruza kuta za vichochoro, basi zivalishe magunia. Kila kiungo kitiwe alama kwa patasi, mkato mmoja, miwili, mitatu, upande usioonekana, kwa sababu karatasi ya maelezo hulowa mashuani. Skrubu na bolti zifungwe kwenye kitambaa na kushonewa ndani ya kipande kikubwa zaidi, pamoja na za ziada mbili kwa kila aina.

Kisha kuna mlango. Milango yetu ya mbao mbili ina mfaa, ule mti uliosimama katikati, na upande mmoja ukifunguliwa nafasi ni ndogo kuliko unavyodhani. Pima ukiwa umefungua pande zote, na pima pia ukiwa umefungua mmoja. Mimi nilipima mlango kwa uangalifu siku moja huko Mkomani, mfumbati wa sentimita 190 ukapita bila taabu, ukafika kwenye ngazi inayopinda kuelekea juu, ukakwama. Kichwa kimoja kiligusa dari na kingine kilikuwa bado barazani. Tulijaribu kuulaza, kuusimamisha, kuuzungusha, na mwishowe niliurudisha karakanani nikaukata kwa mshazari mrefu, nikauunga kwa bolti mbili kama wanavyounga miti ya jahazi kule Matondoni.

Tangu siku ile, kabla sijakata ubao wowote, nachukua ufito wenye urefu wa kipande kirefu kuliko vyote, natembea nao kutoka gatini mpaka ndani ya chumba chenyewe, nikipita njia ileile atakayopita hamali. Ukipita, naanza kazi. Ukikwama, naukata kidogo kidogo papo hapo mpaka upite, na pale ulipokatwa ndipo nitakapoweka kiungo.